Kisanduku cha Taa ya Kijani

Biashara ya Mtaalamu ilizaliwa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Ukutani palibandikwa karatasi yenye nywila ya waifai, kwa herufi kubwa hata mpita njia aliweza kuisoma. Mtu mwingine angeingia mtandaoni akaangalia mpira. Mtaalamu alimwuliza kinyozi, kwa sauti ya daktari aliyeleta majibu mabaya, kama anajua ni nani mwingine yumo kwenye mtandao wake. Kinyozi hakujua. Kabla nusu ya pili ya kichwa haijaisha, alikuwa ameshaagiza kinga.

Kinga yenyewe ilikuwa chombo cha sabuni kilichopakwa rangi nyeusi, ndani betri na kitaa cha kijani. Taa ikiwaka, aliwaambia wateja, mmelindwa. Taa iliwaka daima.

Tumtendee haki: hatari alizozitaja zilikuwa za kweli tupu. Wezi wanaoketi nje na simu, mitandao ya bandia inayoomba siri zako, kompyuta ya mauzo kuchangia mtandao na simu za wateja. Yote aliyasoma kwa waifai ya watu, maana tangu aanze kazi hii hajanunua bando hata moja. Uongo ulikuwa kwenye kisanduku tu.

Maduka kumi na moja yaliingia mkenge. Kisha akapatikana meneja wa hoteli ya ghorofa tatu, akaahidi kusaini mkataba Jumatatu. Mtaalamu karibu alie. Miezi minane alikuwa akilala kwenye sofa la shemeji yake, na kila asubuhi alipaswa kukunja shuka kabla watoto hawajaja kutazama katuni. Hoteli ingempa chumba chake na mlango wake. Alikuwa amechoka kuombwa ainue miguu.

Ijumaa alikwenda kuchapisha mkataba kwa Mama Fotokopi, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alijiunga na waifai ya pale, ukurasa ukamkaribisha na kumwomba barua pepe yake na nywila yake. Akajaza bila kufikiri, nywila ileile anayotumia kila mahali. Mashine ilipokuwa ikichapa, ulimi ukamwasha.

"Mama, una hakika mtandao wako uko salama?"

"Sijui, mwanangu. Nifundishe."

Akamfundisha kwa madaha nusu saa nzima. Mama alisikiliza mkono shavuni, akanunua kisanduku kimoja, akamtakia heri ya Jumatatu.

Jumatatu meneja wa hoteli alimpokea meno yote nje.

"Umechelewa, kaka. Bosi wako alikuja Jumamosi."

"Bosi wangu?"

"Yule mama wa miwani. Alikuja na orodha ya wateja wenu wote, katenganisha mtandao wa wageni na wa ofisi, kabadilisha paswedi zote. Tumeshasaini. Kasema wewe bado mwanafunzi, visanduku vyako vilikuwa vya majaribio."

Mtaalamu alifungua kinywa. Kumkana huyo bosi kulihitaji kwanza aeleze yeye mwenyewe ni nani. Akakifunga.

"Ni mkali sana yule mama," alisema.

Kwa kinyozi, habari ni hiyohiyo. Kinyozi alimpa na ushauri wa bure kwamba amwige bosi wake, maana yule anafanya kazi kweli. Karatasi ya ukutani ilikuwa imebanduliwa.

Aliingia kwa Mama Fotokopi akitweta. Kando ya mashine palikuwa na boksi lenye visanduku kumi na viwili, taa zote zinawaka.

"Nitakushitaki," alisema.

"Useme nimechukua nini? Majina ya watu uliowauzia vyombo vya sabuni, niliyoyakuta kwenye barua pepe yako?" Mama alipanga karatasi zake bila haraka. "Ukurasa ule nimeuweka mwaka wa tatu sasa, nione nani atanaswa. Wanafunzi wa chuo wanaucheka, wanauacha. Wewe ndiye wa kwanza kuujaza mpaka mwisho."

Mtaalamu aliokota kisanduku kimoja, akakirudisha ndani ya boksi.

"Una ulimi, mwanangu. Mimi kuzuia wezi najua, kutisha watu siwezi. Tangulia ukatishe, mimi nitakuja nyuma nifunge milango. Kila mwezi nitakulipa."

Alimjibu kwamba mtu wa hadhi yake haajiriwi, akatoka kifua mbele. Barabarani alikumbuka kwamba nywila yake bado iko mkononi mwa yule mama. Akatoa simu aibadilishe. Bando hakuna. Alijaribu waifai ya kinyozi, ikamkataa. Ya duka la dawa, ikamkataa. Akazunguka mtaa mzima simu ikiwa juu, na kila alikowahi kuuza kinga sasa palikuwa pamelindwa barabara. Mwisho akasimama chini ya madirisha ya hoteli, nayo pia ikamkataa.

Alirudi mdogomdogo, akasimama mlangoni.

"Mama, naomba waifai. Ile ya kweli."

Mama Fotokopi alivaa miwani, akamtazama kwa huruma kabisa.

"Hiyo ni ya wafanyakazi tu, mwanangu."

Mtaalamu alilifikiria sofa. Kisha akavuta stuli, akaketi, akauliza kazi inaanza saa ngapi.