Vifaa vya Kuzama Peke Yangu Lamboni Kinyangiri

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwalimu Sixbert wa klabu ya sayansi ametangaza nafasi moja, moja tu, ya kwenda Tanga kuona bahari. Ataipata mwenye onyesho bora Ijumaa. Moyo umeruka! Mimi ndiye mzamiaji pekee wa Kinyangiri, ingawa bado sijazama. Onyesho langu: vifaa vya mtu anayezama peke yake.

Nasma, ambaye babu yake ni wa Pangani na hatuachi tusahau, aliuliza mbele ya wote nitazama wapi, kwenye beseni? Hata Noel alicheka, naye huwa hacheki mpaka aelezwe. Nikajibu kwa upole kwamba tuna lambo. Akasema lambo ni la ng'ombe. Kwani wamelikodi?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimesoma maktaba. Wanaozama wawili, mmoja akiishiwa hewa humwomba mwenzake. Wa peke yake amwombe nani? Kambare? Kwa hiyo kila kifaa cha lazima kiwe na cha akiba.

Vya lazima: miwani, hewa, kisu, vazi, uzito. Vya hiari: tochi, filimbi, kofia.

Vazi limepatikana! Mama mdogo Martina amenipa ovaroli ya baba mdogo Benjamin ya kurinia asali, pamoja na kofia yake ya wavu. Bado haijafuliwa tangu arine. Inanukia vizuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Balaa. Mama amekuta visu vyote viwili vya jikoni vimefungwa mguuni mwangu. Nikaeleza kwamba kimoja ni cha akiba. Akauliza yeye akate mboga kwa meno? Kisha akahamia Kinyiramba, na kesi ikihamia huko haina rufaa. Nimebaki na kijiko.

Baba naye amekataa kutoa mpira wa kumwagilia vitunguu. Hewa itapita kwenye bua la jani la mpapai. Nimekata mawili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Klabu nzima ilikuja lamboni. Kiangazi hiki maji yananifika kifuani, na nyuki walikuwa wamejipanga kwenye tope wakinywa. Nilieleza umuhimu wa akiba mpaka Mwalimu akaanza kutazama saa. Kisha nikaingia, mawe mfukoni, bua mdomoni, wavu usoni.

Sikuzama! Ovaroli ilijaa hewa. Nikaelea wima kama dumu tupu la mafuta ya alizeti. Nasma akapaza sauti: "Evodia, umezama au umeanikwa?"

Ndipo nyuki wakanijia. Wakatua kila mahali, wakakosa pa kupenya, wakahamia kwa watazamaji. Mwalimu Sixbert alipita katikati ya ng'ombe wa mzee Paulo bila kuwasalimu wala mwenyewe. Nasma alirukia majini akazama. Akaibuka, akavuta pumzi, akazama tena, hadi nyuki walipochoka. Bila miwani. Bila bua. Bila hata kijiko!

Mwalimu, jicho moja likiwa limefumba, alisema hilo ndilo onyesho bora. Tanga anakwenda Nasma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimelia kidogo, kwa adabu, nyuma ya ghala.

Mchana Nasma alikuja. Akamwamkia mama shikamoo, mdomo umevimba, akaniambia mwakani kuna nafasi nyingine na yuko tayari kunifundisha kubana pumzi, tuzame wawili. Nikamshukuru nikakataa. Hajasoma.

Baadaye baba mdogo alifuata ovaroli yake. Aliguna sana. Akasema ovaroli isiyofuliwa ina harufu ya miiba ya nyuki waliomchoma, wenzao wakiinusa huja kupigana, na yeye hawasogelei kamwe bila bomba la moshi.

Bomba la moshi! Na mimi siku zote najilaumu bure! Nimeliandika juu kabisa, kwenye vya lazima. Namna ya kuliwasha chini ya maji sijaijua bado, ila mwaka ni mrefu.