Gari Linazimika Mama Akikaa Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimesafisha gari la marehemu baba mkwe, ndani na nje. Alituachia sisi, si shemeji, na shemeji hajasahau. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Ana gari jipya na mdomo usiokauka.

Gari letu betri yake inakaa chini ya kiti cha nyuma. Ndiyo, chini ya kiti! Wazee walikuwa na mambo. Juu ya betri nimekuta kipande cha mpira kilichochakaa, kinanuka. Nimekitupa jalalani. Usafi kwanza.

Mama mkwe yuko kwetu tangu apasuliwe jicho. Jumamosi anafunguliwa bandeji, na amesema hospitali haendi ila kwa gari la mumewe. Shemeji kasema likizimika njiani mama yake akiwa ndani, Jumapili anamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mke wangu kaitikia kwa kichwa. Hata yeye! Nimewaambia wasubiri waone. Mimi ni fundi cherehani. Anayeelewa uzi anaelewa waya.

Jumanne, 4 Juni

Majaribio. Nimezunguka mtaa mzima peke yangu. Gari linaimba! Nimerudi, nimempakia Mama. Nyuma, kama kawaida yake. Anasema miaka thelathini alikaa nyuma kwa sababu akikaa mbele walikuwa wanagombana na marehemu kuhusu kona.

Tuta la kwanza, kimya. Injini kimya, taa kimya, honi kimya. Mama akashuka kunyoosha miguu. Nikagusa ufunguo, likawaka! Akapanda, likazimika. Mara tatu! Mama akauliza kulikoni. Nikamwambia ni joto. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumatano, 5 Juni

Nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nikaandika ushahidi. Bila Mama: safari nane, salama salimini. Na Mama: safari tatu, kuzimika mara tatu. Hesabu haina shemeji. Gari halimtaki mama mkwe.

Nimekosa usingizi. Siku nilipokwenda kuposa, shemeji aliuliza fundi cherehani atamlisha nini dada yake. Mama ndiye aliyemwambia anyamaze, mwanawe huyo huyo! Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba hitilafu ni yeye? Nampenda yule mama. Siwezi.

Alhamisi, 6 Juni

Akili! Nimeazima saruji kwa jirani anayejenga. Jicho la fundi cherehani halihitaji mizani: Mama ni mfuko mmoja na nusu. Nimeipanga nyuma, pale pale anapokaa. Tuta la kwanza, kimya!

Kwa hiyo si Mama, ni uzito! Nimepiga vigelegele katikati ya barabara, watu wakasimama kuniangalia. Nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA = MFUKO MMOJA NA NUSU.

Daftari nikalisahau juu ya cherehani.

Mke wangu hajanisemesha tangu saa kumi. Amemsomea Mama neno kwa neno, nadhani alitaka tuudhike wote. Mama kacheka mpaka akashika bandeji. Kasema nimempunja, yeye ni miwili kamili.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwomba Mama akae mbele, kesho tu. Kakataa. Kasema hawezi kuanza ugomvi na mkwe uzeeni.

Nimewaza sana. Uzito unaminya umeme. Umeme ukiminywa unachosha fyuzi. Ni wazi kabisa. Nimenunua fyuzi mpya. Nimepanga pia kuweka mfuko wa saruji upande wa pili wa kiti, gari likae sawa. Mke wangu kavunja ukimya kuniambia nisithubutu.

Shemeji kapita jioni. Eti niinue kiti nitazame. Nani kamuuliza?

Jumamosi, 8 Juni

Siku yenyewe. Nimevaa koti langu la kijivu. Shemeji kafuata nyuma na gari lake, polepole, kama anasindikiza jeneza. Mke wangu alipanda gari la kaka yake. Imeniuma.

Tuta la kwanza, tumevuka. Nikapiga honi! La pili, tumevuka. La tatu, hospitali inaonekana kabisa, kimya.

Nikaona kwenye kioo shemeji anatoa simu. Mnunuzi wa vyuma! Nikamwambia Mama ukweli wote: gari halibebi uzito wake, wanalichukua kesho, nisamehe. Mama akauliza jambo moja tu. Ule mpira wa marehemu uko wapi? Nikamuuliza mpira gani. Akasema wa juu ya betri, aliuweka yeye marehemu, maana springi za kiti zinashuka na kusukuma waya mpaka unaachana na betri. Nikamjibu kwamba nilisafisha. Akasema niendelee na kazi yangu.

Nikainama chini ya usukani kubadilisha fyuzi. Nyuma nikamsikia Mama anashuka, anainua kiti, anapapasa, anakohoa. Akasema tayari. Nami nikasema tayari. Nikagusa ufunguo.

Likawaka! Akakaa, halikuzimika! Akarukaruka kwenye kiti kwa makusudi, halikuzimika! Shemeji karudisha simu mfukoni. Mke wangu kahamia kwangu, kakaa mbele, kanishika bega.

Mama kaingia hospitali na ndala moja. Nyingine kaiacha juu ya betri. Daktari alipofungua bandeji, kitu cha kwanza alichoona Mama kwa jicho hilo ni mguu wake mtupu. Kacheka. Cha pili mimi. Kasema nimezeeka, lakini koti ni zuri. Nimelia kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Mnunuzi wa vyuma hakuja. Shemeji kaja, kaliangalia gari, kasema limetengenezwa vizuri. Nimemweleza habari ya fyuzi. Kila jambo lina mwenyewe.

Mama yuko barazani, ndala moja mguuni, mguu mwingine kwenye sakafu baridi. Roho imeniuma. Mtu amenitetea miaka yote hii, nami nimwache nusu peku kwa sababu ya gari lililokwisha kupona? Nimekwenda, nimeinua kiti, nimetoa ndala yake, nimeisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa, nimempelekea kwa mikono miwili.

Kaipokea. Kaniangalia muda mrefu kwa lile jicho jipya. Kisha kauliza, Jumamosi ijayo, kupasuliwa jicho la pili, tunakwenda na gari?

Nimemwambia gari, Mama, halina tatizo tena.

Kasema basi atavaa viatu vya kutembea kwa miguu.