Tumbo la Mheshimiwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ushindi! Mama mkwe kaondoka leo asubuhi kwenda Usevya kwenye arobaini ya shangazi yake, na sungura wake kaniachia mimi. Mimi, Zablon, fundi cherehani wa Ilembo. Si Gabrieli! Gabrieli ndiye aliyemwoa Wema, mdogo wa mke wangu, na siku zote hunitangulia kwa mama mkwe akiwa na samaki wa Karema mikononi. Leo kachelewa. Mungu hana upendeleo.

Sungura ni mweupe, ana pengo sikioni, na anaitwa Mheshimiwa. Jina alipewa na marehemu baba mkwe, kwa sababu anakaa siku nzima, anatafuna, hachangii hoja. Tangu mzee afariki, mama mkwe humpakata kila jioni na kumsimulia habari za mtaa. Simcheki. Nyumba ile imekuwa kimya sana.

Maagizo: nyasi kavu na maji. Basi. Kayasema mlangoni, kayasema stendi, kayarudia dirishani gari likiondoka. "Nyasi kavu, mkwe! Na maji!" Nikaitikia kwa adabu zote.

Lakini kichwa changu si cha kuvalia kofia tu. Shemeji yetu Jonas anaoa Desemba. Mama mkwe akirudi atamteua mwenyekiti wa kamati ya harusi. Akimkuta Mheshimiwa kanenepa, manyoya yanang'aa, atamteua nani mwingine? Kitambaa cha suti ya mwenyekiti nimeshakikata.

Na nyasi kavu ni chakula cha kumpa mgeni? Mwezi huu zimejaa kila mahali, hadi watu wanazichoma. Nimempa ndizi mbivu. Kala na ganda. Tumeelewana.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi, mkate na asali. Mchana, mahindi na kiazi kitamu. Mheshimiwa anakula kama aliyetoka kifungoni. Mke wangu Aneth kauliza kama nafuga sungura au naposa. Hajui siasa huyu.

Gabrieli kapita na pikipiki yake, eti anasalimia. Kachungulia banda kwa muda mrefu, kasema Mheshimiwa kapendeza. Nimeuona wivu machoni mwake. Nimelala kidogo mchana kwa furaha.

Nimeamka nikakuta balaa. Mheshimiwa kainama, kachukua mavi laini kutoka kwenye matako yake mwenyewe, kayala! Mtu mzima! Nimempangusa kwa kitambaa, nikafagia banda lote, nikamkaripia kwa kumtazama. Nimewaza sababu. Njaa tu. Nimemwongezea ugali.

Jumatano, 6 Agosti

Kaharisha. Banda zima. Nikasema ni kusafisha tumbo, hata sisi hututokea.

Kufikia mchana hakuna kitu kinachotoka tena, wala kinachoingia. Ndizi kaikataa. Kakaa pembeni kajikunyata, anasaga meno. Nikamwambia Aneth ile ni sauti ya shibe. Aneth akasema hajawahi kusikia shibe ya kusaga meno, nimpeleke kwa daktari wa mifugo. Nikajibu kwamba daktari ana mdomo, na mdomo wa Mpanda unafika Usevya kabla ya basi.

Nimemlambisha asali kwa kidole. Asali ya hapa kwetu inatibu kila kitu.

Mama mkwe kapiga simu. Anaendeleaje? Anaendelea vizuri, mama. Kesho anataka kumwona kwa video, kamkumbuka. Nikasema karibu sana. Jasho limenitoka mpaka kwenye nyayo.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumbo limekuwa ngoma. Ukiligusa linadunda. Asali haijafanya kazi, nimeongeza asali.

Simu ya video ilikuwa inanijia kama jua la kiangazi. Mpango ukanijia haraka: jirani yetu Sadalla ana sungura mweupe vilevile. Nimemwazima, nikamwambia ni kwa ajili ya kupima kijishati. Sadalla hakuuliza zaidi. Watu wa amani hawaulizi.

Mama mkwe kaonekana kwenye simu, kaketi chini ya turubai la msiba. Nimemsogeza sungura wa Sadalla. Mama mkwe kasogeza uso kwenye kioo. Kisha akasema taratibu:

"Huyo sikio lake halina pengo."

Nikasema mtandao unaficha mapengo.

"Mkwe. Mheshimiwa yuko wapi?"

Nikakata simu. Nikazima kabisa. Halafu nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Mheshimiwa alikuwa ananitazama kutoka bandani, macho nusu. Hanywi hata maji. Kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba anaweza kufa, na kwamba jioni mama mkwe atakaa peke yake na paja tupu. Suti imeacha kunivutia kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane! Kila duka la dawa za mifugo limefungwa, mji mzima uko kwenye maonyesho. Aneth hakuniuliza tena. Kampigia simu Gabrieli alete pikipiki. Kati ya watu wote! Nimekaa katikati ya Gabrieli na Aneth, Mheshimiwa ndani ya kikapu kifuani kwangu, tumepita Ilembo nzima hivyo.

Tumempata Daktari Rabia nyumbani kwake Majengo, anaanika nguo. Kamlaza Mheshimiwa kwenye kanga, kambonyeza tumbo kidogo kidogo, kamsikiliza kwa kile chombo chao cha masikioni. Uso ukambadilika. Akasema utumbo umelala, hausikiki. Akauliza kala nini.

Nikasema nyasi.

"Nyasi ya wapi yenye asali?" Kidole chake kilikuwa kimenata kwenye sharubu za Mheshimiwa.

Aneth akanitazama. Mtazamo ule naujua, ndio alionitazamia mbele ya padre siku ya ndoa niliposahau pete. Nikasema yote. Ndizi, mkate, mahindi, kiazi, ugali, asali, asali tena. Na mavi niliyomnyang'anya. Daktari akafumba macho. Akaeleza kwamba yale laini ni chakula chake, lazima ayale, ndiyo yanayolinda tumbo. Na kwamba sungura hawezi kutapika kama sisi. Kikishaingia, njia ya kutokea ni moja tu, na njia ile inaendeshwa na nyasi. Vitu vitamu vinaichachusha mpaka inasimama.

"Kuna kingine?" akauliza. "Nahitaji kujua kila kitu."

Nikaapa hakuna.

"Biskuti," akasema mtu nyuma yangu.

Gabrieli! Kainamisha kichwa. Siku ile alipopita kusalimia alimpitishia pakiti nzima kwenye wavu. Eti alitaka Mheshimiwa amzoee, mama mkwe akirudi aone sungura anamkimbilia yeye. Mwenyekiti mtarajiwa huyo! Nimemtazama kwa dharau ambayo sikuwa na haki nayo.

Daktari hakucheka. Kamchoma sindano ya maumivu, kamwekea maji chini ya ngozi, katuambia turudi naye nyumbani. Nyasi kavu mbele yake muda wote. Maji. Kumsugua tumbo polepole na kumwacha atembee. Kitamu, hapana. Na akasema wazi kwamba asipopata choo kesho, hatuahidi kitu.

Aneth kawasha simu yangu, kampigia mama yake, kamwambia kila kitu. Nimesikia upande wa pili sauti ndogo ikisema anakuja.

Jumamosi, 9 Agosti

Gabrieli kafika asubuhi na gunia la nyasi kavu alizozikata mwenyewe pembezoni mwa shamba la watu. Tumekaa chini uani, wanaume wazima wawili, tukisugua kwa zamu tumbo la sungura. Yeye kulia, mimi kushoto. Hatukuzungumza habari za harusi. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini, kwamba baba mkwe ndiye aliyemfundisha kuendesha pikipiki. Sikujua.

Jua limepanda. Hakuna kitu. Mheshimiwa kachukua unyasi mmoja, kautafuna, kauacha. Kachukua tena. Kameza! Gabrieli akanishika bega.

Tukamwacha atembee. Kaenda mpaka kwenye ndoo, kasimama, kawaza. Halafu kikaanguka kidonge. Kimoja, kikavu, cha mviringo kama choroko. Nikapiga kelele. Kikafuata kingine, kidogo, kibovu, lakini ni chetu! Tumepiga magoti, tumekumbatiana, Gabrieli analia, mimi nalia, nimekiokota kwenye kiganja nikakiinua juani ili nikione vizuri.

Kumbe mama mkwe alikuwa amesimama getini na mzigo wake kichwani.

Katua mzigo, kaja mpaka pale tulipopiga magoti, kakitazama kile kidonge kiganjani mwangu. Halafu akaketi chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri, akamvuta Mheshimiwa pajani, akaanza kumsimulia msiba wa Usevya, nani alikuja, nani hakuja, wali uliungua vipi. Mheshimiwa anatafuna nyasi. Hachangii hoja.

Aneth akatuonyesha kwa mkono: nyie wawili, nje ya geti.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa mama mkwe katuita sote. Kasema hana hasira, ila ana macho. Mwenyekiti wa kamati ya harusi ni Aneth. Gabrieli atapanga viti. Mimi nitatunza mbuzi wa harusi, kaletwa jana jioni na gari kutoka Usevya, yuko uani kwangu, kafungwa kwenye mpera. Katoa maagizo mbele ya mashahidi: majani na maji, mkwe. Basi. Nikaitikia kwa adabu zote.

Nimekubali kwa moyo mmoja. Nimejifunza. Kitambaa cha suti nimemshonea Aneth koti, limempendeza kuliko ambavyo lingenipendeza mimi.

Mbuzi ni mzuri, lakini kakonda. Mbavu zinahesabika. Siku ya harusi wageni watasema nini, kamati ilikuwa wapi? Nikaona si vibaya nikamwongezea debe la machicha ya pombe kutoka kwa jirani, yenye nguvu, bado yana joto. Kalifakamia lote, kalamba na debe. Sasa kasimama kaniangalia, ubavu wa kushoto umeanza kuvimba kidogo.

Sina wasiwasi. Yule alikuwa sungura. Mbuzi ana matumbo manne. Hata moja likikorofisha, yanabaki matatu.