Sanduku la Dawa la Wenye Kunyongwa

Kwa jina la Kaisari, na kwa faida ya wote wanaopumua, serikali ilitangaza kwamba uhai wa mwanadamu una thamani.

Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe, Sadoki, mkalimani wa boma dogo la Kisongo, nikiwa nimesimama juu ya pipa ili hata walio nyuma wanione. Nililisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu walidhani ni kodi mpya na nusu yao wakakimbia. Walipohakikishiwa kwamba hakuna cha kulipa, walirudi, wakauliza thamani hiyo itaanza lini. Nikawajibu itaanza mara tu muhuri utakapokauka.

Mkuu wa boma letu tulimwita Bwana Muhuri. Jina alilopewa na mama yake huko Ujerumani lilikuwa refu na lilihitaji mate mengi. Alikuwa mtu wa haki. Jambo lisilogongwa muhuri aliliona kama halijatokea, na lililogongwa muhuri aliliona limetokea hata kama kila mtu alikuwepo akaona halikutokea.

Chanzo cha tangazo kilikuwa msiba mkubwa wa kiserikali. Katika kituo kimoja cha kusini, mtu aliyehukumiwa kunyongwa alikufa kwa homa siku moja kabla ya kitanzi. Gavana alikasirika sana. Serikali ilikuwa imeshapanga kumuua mtu yule, naye akajifia tu, bila kibali. Mkuu wa kituo hicho akahamishiwa mahali penye mamba.

Bwana Muhuri hakutaka mamba. Akakaa akaandika Kanuni ya Uhai. Kanuni ilisema kwamba aliyehukumiwa kifo lazima afike kwenye kitanzi akiwa na afya njema. Apewe blanketi, nyama, maziwa na kwinini, dawa ya homa, na kila Jumatatu apimwe uzito kwenye mizani ya kupimia pembe za ndovu. Kwinini yote ya boma iwekwe katika sanduku moja, na sanduku lisifunguliwe kwa mtu asiye na hukumu ya kifo. Atakayelifungua kinyume apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Na atakayemwachia mwenye hukumu aende zake, yeye ndiye atachukua nafasi yake.

Bwana Muhuri aliitia hata chupa yake mwenyewe ya kwinini ndani ya sanduku.

"Mimi ni mzima kama nyati," akasema. "Lazima mkubwa atoe mfano."

Kisha, kwa kuipenda mno kanuni yake, akaipeleka Dar es Salaam. Ikarudi na muhuri wa tai mkubwa kama sahani, na chini yake imeandikwa: Isibadilishwe ila na Gavana. Bwana Muhuri aliibusu ile karatasi. Mimi nikakabidhiwa ufunguo wa sanduku, na tangu siku hiyo nikaanza kutembea polepole.

Wakati huo tulikuwa na mwenye hukumu mmoja tu, Kaanaeli, Mmeru wa migombani aliyeng'oa vigingi vya mpimaji wa mashamba akafungia mbuzi wake. Bwana Muhuri aliona huo ni uasi dhidi ya mipaka ya Kaisari. Kaanaeli aliona ni vigingi vizuri. Hukumu yake ilikuwa imepelekwa kwa Gavana kuthibitishwa, na huku akingoja alikuwa ananenepa vizuri sana. Tulijivuna naye.

Mvua kubwa zilipoanza, mashimo yaliyochimbwa udongo wa ukuta wa boma yakajaa maji, na wajenzi wakaanza kuugua homa. Hapo mchungaji wa misheni akaja kwa Bwana Muhuri na swali. Walizungumza Kijerumani, nami nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nashikilia mwavuli.

"Hawa wajenzi hawajamkosea mtu," mchungaji akasema. "Je, uhai wao si sawa na uhai wa huyo wa kunyongwa?"

"Mchungaji, tusichanganye mambo. Wa kunyongwa ana karatasi. Gavana anamjua kwa jina. Akifa, nitaulizwa. Wale wa ukutani wakifa, nani ataniuliza?"

"Mungu."

Bwana Muhuri alifikiri. "Barua zake hazipitii ofisi hii," akasema.

"Na uhai wa Mzungu je?"

"Ah! Huo ni mkubwa mno kwa ofisi ndogo kama yangu. Mzungu akihukumiwa, jambo lake ni la Kaisari mwenyewe, Berlin. Mimi siwezi kumnyonga wala kumsamehe. Nina uwezo juu ya wenyeji tu."

Mchungaji akaondoka bila kunywa chai. Wiki hiyo Efraimu, mbeba mawe, akafa kando ya ukuta, na ndugu yake Gidion akamfuata. Kwa kuwa hawakuwa na hukumu, niliandika kwamba wameacha kazi bila ruhusa.

Ndipo akaja Namnyaki. Alikuja na punda, na juu ya punda alikuwa amemlaza kaka yake Koikai, mjenzi wetu, akiwa amefungwa kwa kamba asianguke. Namnyaki nilimfahamu tangu tukichunga pamoja.

"Sadoki, mwana wa yeyo, mama Ndeshi! Umeota ndevu kumbe."

"Hapa naitwa Bwana Mkalimani."

"Haya, Bwana Mkalimani uliyekuwa unalia ukinyimwa maziwa. Ndugu yangu anaungua. Nipe ile dawa chungu."

"Dawa ipo, na ipo nyingi," nikasema. "Lakini ni ya wenye hukumu ya kifo. Kwani Koikai amefanya nini?"

"Amejenga ukuta wenu."

"Hilo halina adhabu kubwa."

Namnyaki alinitazama. Punda naye akanitazama.

"Kwa hiyo nikitaka apone, nimtafutie kwanza kitanzi?"

"Serikali haikukatazi," nikasema kwa upole.

"Na hicho kitanzi ni lini?"

"Gavana akijibu. Barua inakwenda polepole."

"Homa haiendi polepole," akasema. "Mwite Bwana wako."

Kesi ilisikilizwa papo hapo uani. Namnyaki akamshitaki kaka yake kwamba alimsaidia Kaanaeli kung'oa vigingi. Kaanaeli akaletwa kutoka chumbani, akifuta mdomo. Akamwangalia Koikai, ambaye hakuwahi kumwona maishani, akaona anavyotetemeka.

"Ndiyo," Kaanaeli akasema. "Alishika upande wa chini. Mimi nilivuta wa juu."

"Mshitakiwa anatetemeka kwa dharau," akasema Bwana Muhuri, akagonga muhuri.

Dakika hiyo hiyo nikafungua sanduku. Koikai akapewa kwinini, blanketi, mchuzi wa mbuzi, na baada ya siku chache akaanza kula loshoro, ndizi zilizopondwa na maziwa mgando, hadi akalamba kibuyu. Kanuni ilikuwa imeokoa uhai. Niliona fahari.

Habari zikaenea. Kesho yake wajenzi wengine wakaja kukiri, huku wakishikana mabega wasianguke. Wote walikuwa wameng'oa vigingi. Bwana Muhuri alifurahi sana kuona dhamiri zinaamka. Ilipofika Ijumaa, waliokiri walikuwa wengi kuliko vigingi, ikabidi tuwape wawiliwawili na watatuwatatu kigingi kimoja. Chumba kikajaa, jiko likawaka mchana kutwa, na hakuna mjenzi mwingine aliyeacha kazi bila ruhusa.

Namnyaki tu ndiye hakufurahi. Kila siku alileta maziwa, na kila siku alisikia seremala anapiga randa. Boriti ya kitanzi ilikuwa inalainishwa.

"Mmemponya ili apate nguvu ya kufa," akaniambia.

"Kumnyonga mgonjwa ni ukatili, Namnyaki. Sisi si washenzi."

Akaniagiza nimwombee kaka yake msamaha kwa Bwana Muhuri. Nilimwombea, maana nami nina moyo. Bwana Muhuri alifungua mtoto wa meza akanionyesha karatasi ya msamaha. Ilichapwa Ulaya, ina mapambo ya majani pembeni. Alikuwa nayo moja tu, na ilitosha kusamehe wenyeji wote waliohukumiwa bomani kwa mkupuo.

"Tazama ilivyo nzuri," akasema. "Nitaichafuaje kwa sababu ya mtu mmoja?" Akairudisha.

Jumapili iliyofuata yule mzima kama nyati, Bwana Muhuri mwenyewe, akashikwa na homa.

Mchana alikuwa chini ya mablanketi yote ya nyumba, na kitanda kinapiga kelele kama gari la ng'ombe. Mjumbe aliyetumwa Arusha kutafuta dawa alirudi: mto Burka umefurika, hauvukiki.

"Sadoki," Bwana Muhuri akasema, "fungua sanduku."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa. Bwana Mkubwa ana hukumu?"

"Mimi ndiye niliyeandika kanuni!"

"Nzuri sana, Bwana Mkubwa. Ina muhuri wa tai."

Mlangoni alisimama Shaushi, mkubwa wa askari wetu, na kiboko chake mkononi. Alikuwa anahesabu kimyakimya, na nikajua anahesabu mpaka hamsa ishirini. Bwana Muhuri akamwona. Akaufikiria mgongo wangu, akaufikiria na wake.

"Basi nihukumiwe," akasema.

Aliniamuru nimvalishe kofia yake rasmi, kwa kuwa hakimu lazima avae kofia, kisha akaanza kujihukumu akiwa amelala.

"Niling'oa vigingi."

"Vigingi vyote vina wenyewe, Bwana Mkubwa."

"Nilimtukana Kaisari."

"Kwa Mzungu hiyo ni faini tu."

"Niliiba maziwa ya mfungwa."

"Hata hiyo haifiki kwenye kitanzi."

"Na shahidi anatakiwa," Shaushi akaongeza. "Mimi sijaona kitu. Huwa sioni."

Namnyaki alikuwa langoni na kibuyu chake. Akaitwa. Akaingia, akatazama lile rundo la mablanketi lenye kofia, akaweka kibuyu chini.

"Muulize," akaniambia, "Efraimu yuko wapi?"

"Aliacha kazi bila ruhusa," nikajibu. "Niliandika mimi."

"Na Gidion?"

"Naye vilevile."

"Waliacha kazi wakaenda wapi?"

Hilo kanuni haikuliuliza.

"Wako nyuma ya ukuta," akasema Shaushi. "Mimi ndiye niliyesimamia kuchimba."

Namnyaki akasogea karibu na kitanda. "Siku wanakufa, sanduku lilikuwa tupu?"

Nikatafsiri. Bwana Muhuri akafumba macho. Meno yake yalikuwa yanagongana. Alisema swali hilo haliko katika utaratibu. Alisema atatuhamishia sote kwenye mamba. Halafu homa ikampanda tena, akashika mkono wangu wenye ufunguo.

"Lilikuwa limejaa," akasema. "Nilijua watakufa. Nilijua, nikaenda kula."

"Hiyo inaitwaje?" Namnyaki akauliza.

"Kuua," akasema Bwana Muhuri, kwa Kiswahili, bila kunisubiri mimi.

Kati ya kesi zote za mwaka ule, hiyo ndiyo pekee ambayo shahidi hakulazimika kuongeza kitu. Bwana Muhuri akajigongea muhuri mwenyewe, nami nikafungua sanduku.

Alilazwa kati ya Kaanaeli na Koikai, kwa sababu kanuni haikutaja chumba kingine. Kaanaeli alimsogezea blanketi.

"Pole, Bwana. Ya asubuhi ndiyo chungu zaidi. Ukimeza, fikiria ndizi mbivu."

Akapona. Siku aliyoanza kukaa na kuomba loshoro ya pili, maji ya mto yakapungua, na mjumbe akaingia na barua ya Gavana. Niliisoma nikiwa juu ya pipa. Gavana alifurahishwa na hali ya afya ya Kisongo. Alithibitisha. Wenyeji wote waliohukumiwa bomani wanyongwe Jumatatu, baada ya kupimwa uzito.

Namnyaki alikaa chini palepale kwenye matope. Koikai, akiwa amenona na macho yake maangavu, akauliza kama ninaweza kusoma tena, labda ni kodi.

Bwana Muhuri aliruka kutoka kitandani. Neno "wenyeji" hakulisikia, alisikia "wanyongwe". Akaita meza, akaita wino, akaita ile karatasi yenye majani pembeni. Aliandika kwa haraka hata akachafua jani moja, akagonga muhuri, akapuliza.

"Msamaha kwa wote!" akapiga kelele. "Wote! Fungua mlango!"

Nikafungua mlango. Kaanaeli akatoka, akauliza kama anaweza kurudishiwa vigingi vyake. Wajenzi wakatoka. Koikai akatoka, na Namnyaki akamshika sikio kama mtoto, akamvuta mpaka kwa punda bila kuaga, akilia na kumtukana kwamba amekuwa mzito.

Bwana Muhuri naye akaja mlangoni, akiwa amevaa kofia. Shaushi akaweka kiboko mbele yake.

"Sadoki, mwambie huyu apishe."

Nikamsomea karatasi kwa heshima zote. Ilisamehe wenyeji tu, kama ilivyochapwa. Nikamkumbusha aliyoyasema mbele ya mchungaji, kwamba uhai wa Mzungu ni mkubwa mno kwa ofisi ndogo, hana uwezo wa kumnyonga wala kumsamehe. Jambo lake liko Berlin, kwa Kaisari. Nikamkumbusha pia kwamba atakayemwachia mwenye hukumu atachukua nafasi yake. Shaushi ana wake wawili. Mimi nina mama.

"Berlin!" akasema. "Barua inachukua muda gani kufika Berlin?"

"Homa haimo tena, Bwana Mkubwa," nikamfariji. "Hakuna haraka."

Hadi leo tunangoja jibu. Kazi ya ukuta imesimama, kwa kuwa hakuna wa kugonga muhuri. Sanduku sasa lina mwenye hukumu mmoja, na kwa kuwa yeye hana homa, kwinini naigawa kwa yeyote anayekuja langoni akitetemeka. Nimeisoma kanuni vizuri, na hamsa ishirini lazima iamriwe na mkuu wa boma akiwa ofisini.

Kila Jumatatu tunampima kwenye mizani ya pembe. Ajabu ni kwamba tangu apone, kila Jumatatu anakohoa sana na kusema hajisikii vizuri, huenda ni mgonjwa kabisa. Namnyaki ndiye anayemletea chakula, kwa amri ya kanuni. Jumatatu iliyopita aliitazama mizani, akamtazama na yeye, akamwekea loshoro kibuyu kizima.

"Kula, Bwana Mkubwa," akasema. "Kaisari akijibu, akukute mzima."