Kiko cha Marehemu Fundi Saa

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka. Nimesikia kwa kinyozi kwamba mjane wa fundi saa, yule wa nyumba ya kona, ameachiwa kiko cha Kiitaliano. Cha zamani, kimechongwa kwa mkono, mbao yake nyekundu ina mistari kama ndimi za moto. Mimi hukusanya viko. Vya Kiitaliano ninavyo vichache, juu ya kabati, na sivuti. Moshi hunipalia. Mke wangu anasema mimi ni kama kipara anayekusanya vitana.

Tatizo ni daktari wa meno. Naye anakusanya, na ana mkono mwepesi. Lazima nimuwahi. Lakini nikiomba waziwazi, mjane atashtuka kwamba kina thamani, atakibania. Kwa hiyo nitakuwa rafiki wa marehemu. Sikuwahi kumtia machoni.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda, nimekunja uso wa msiba. Nikamwambia marehemu na mimi tulikuwa tukikimbia pamoja kila alfajiri. Akaniangalia. Akaangalia chai yake. Akasema karibu, shemeji.

Shemeji! Mpango umekubali. Na kiko kiko pale pale, kwenye rafu, kando ya saa zilizosimama. Kabla sijakitaja, akauliza kama shemeji anaweza kuliangalia geti. Bawaba zimelegea.

Alhamisi, 7 Machi
Geti jana. Leo bomba la jikoni, kisha kabati la nguo kutoka chumba hiki hadi kile, kisha kurudi nalo kwa sababu lilipendeza zaidi mwanzoni. Kila nikikohoa ili nianze habari ya kiko, kazi nyingine inazuka. Aliuliza tulikuwa tunazungumza nini tukikimbia. Nikasema saa. Akatikisa kichwa polepole. Majonzi, maskini.

Nyumbani mke wangu ameuliza bomba letu, linalovuja tangu mwaka jana, litapata shemeji lini. Nimejinyoosha sakafuni. Mgongo umegoma.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekutana na daktari wa meno getini, geti nililolitengeneza mimi, linafunguka bila hata kulia. Anatoka, mfuko wa koti umetuna. Nikaingia mbio. Kwenye rafu, saa tupu. Mjane akasema daktari alipita, akamweleza kwamba anapenda viko, akaomba. Akampa.

Nikasema hata mimi nilikitaka.

“Ungeomba tu, bwana, ningekupa.”

Bwana. Ushemeji umekwisha. Kisha akanieleza, bila hasira, kwamba mguu wa marehemu ulikuwa mbovu tangu utotoni. Hakuwahi kukimbia, hata mvua ilipomkuta njiani. Nikauliza, kama alijua tangu mwanzo, kwa nini aliniacha niendelee kuja.

“Geti lilikuwa bovu,” akasema. “Na nyumba ilikuwa kimya mno.”

Akanimiminia chai. Tukainywa. Nimerudi nyumbani kwa uchochoro wa nyuma.

Jumatatu, 11 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: kukimbia. Ningesema karata. Mguu hauhusiki na karata.

Leo nimekwenda kwa daktari wa meno, nikajidai jino linaniua, ili angalau nikione. Kimo kwenye kabati la kioo, kizuri mno. Kwa uchungu nikaguna. Akadhani ni jino. Limeng'olewa, zima kabisa, halina hata doa. Ameniambia, akinawa mikono, kwamba siku yoyote nikitaka kukishika nimwambie tu.

Nikiwa kwenye benchi nasubiri ganzi iishe, mama mmoja kando yangu akakiona kile kiko kupitia mlangoni. Akasema mjomba wake, mpiga kinanda, aliyefariki juzijuzi, aliacha viwili kama hicho. Nikamshika mkono. Nikampa pole kwa mdomo uliojaa pamba. Nikamwambia mjomba wake na mimi tulikuwa tukicheza karata kila Ijumaa.

Amefurahi sana. Amesema nifike kwake kesho asubuhi. Nije na ngazi.