Semina ya Magamba Barazani

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tano bila mke wangu. Amekwenda kumhudumia binti yetu aliyejifungua; atarejea Jumapili. Ameniachia agizo moja tu: mlimau. Umo katika chungu kikubwa barazani, na marehemu mama yake ndiye aliyeuotesha kwa mbegu. Alisema, kwa ule upole wake unaotisha kuliko ukali, kwamba nyumba ikiwaka moto niutoe mti kwanza, kisha nijitoe mwenyewe kama nafasi itakuwapo.

Leo nimeutazama sawasawa kwa mara ya kwanza. Unapendeza. Majani yanang'aa kama yaliyopakwa asali. Sisimizi wanapanda na kushuka kwa nidhamu ambayo sikuiona katika shule yoyote, na nimekagua shule kwa miaka thelathini na mmoja. Juu ya matawi, vifungo vidogo vya kahawia, vimepangwa kama vya koti. Machipukizi, bila shaka. Nimeketi kuyatazama hadi chai ikapoa. Mwanga wa alasiri ulikuwa laini. Nadhani nililala.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yangu, muuguzi mstaafu, amechungulia juu ya ukuta bila kualikwa. Kaniambia mti unaumwa. Nikamjibu kwamba mti unachipua. Akazunguka, akaingia, akakwangua kifungo kimoja kwa ukucha. Kikabanduka. Chini yake, majimaji ya manjano. Akasema chipukizi halibanduki hivyo. Huyo ni mdudu gamba, anafyonza utomvu, na huo mng'ao ninaousifu ni choo chake. Sisimizi wamefuata sukari tu. Mkaguzi akizidi kukagua, majani yatafunikwa na ukungu mweusi kama masizi.

Niliinamisha uso. Jana nililamba jani.

Tiba yake: niutenge mti, nikate matawi yaliyozidiwa, nisugue mengine kwa mswaki laini na maji ya sabuni, tawi kwa tawi, kisha nirudie baada ya wiki, kwa kuwa vitoto vyao hutambaa na havionekani kwa urahisi. Nikauliza kama hakuna njia yenye hadhi zaidi. Akasema ipo: kumsubiri mke wangu.

Jumatano, 5 Machi

Sikusugua. Kazi ya mswaki haina hadhira.

Badala yake nimewatazama kwa kioo cha kukuzia. Nakiri kuwa nimewahusudu. Mdudu huyu hutembea utotoni tu. Akipata mahali panapomfaa huzamisha mdomo, hujijengea paa mgongoni, na hahami tena. Kiumbe aliyehudhuria kikao kimoja maishani na akakataa kuondoka. Nilimkodolea macho mmoja wao tangu saa nne. Hakusogea. Mimi nilisogea mara mbili, kulikimbia jua. Kisha nikaota nimeketi juu ya tawi, paa langu mgongoni, upepo ukinibembeleza, na hakuna mtu aliyeniuliza lolote.

Nilizinduka na wazo. Mafuta! Nilipata kusikia kwamba huwaziba pumzi. Nikaupaka mti mafuta ya kupikia, matupu, saa sita na nusu mchana. Ulimeremeta kama kiatu cha gwaride.

Alhamisi, 6 Machi

Majani ya upande wa jua yamekaangika. Yanaanguka moja moja, polepole, kwa sauti ya karatasi. Ni mandhari ya kutuliza moyo, kama mtu hajui maana yake.

Jirani akafafanua kutoka ukutani kuwa mafuta hutiwa kidogo mno katika maji yenye sabuni, na hunyunyizwa jua likishapoa. Akasema sikutibu, nimepika, akaulizia chumvi.

Mke wangu akapiga simu. Mlimau hajambo? Nikasema upo katika kipindi cha mabadiliko. Akauliza mabadiliko ya namna gani. Nikauliza mjukuu amefanana na nani.

Ijumaa, 7 Machi

Jawabu limepatikana. Matawi kumi na manne, mswaki mmoja, mtu mmoja: adhabu. Matawi kumi na manne, miswaki kumi na minne, watu kumi na wanne: semina. Wahenga walikwisha kunena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa.

Nimebandika tangazo langoni. "Wadudu Magamba: Kuwatambua, Kuwatibu, Kuwazuia. Kila mshiriki aje na mswaki." Chini nikaongeza, ili tuwe na mifano hai: "pamoja na mmea wake unaoumwa."

Jirani alilisoma mara mbili. Akaniuliza kama ningekusanya watoto wote wenye surua katika chumba kimoja na mwanangu anayeumwa. Nikamwambia kwamba milango i wazi kwa wote, hata kwa wenye kijicho. Akacheka hadi akakaa chini.

Jumamosi, 8 Machi

Watu kumi na tisa. Vyungu ishirini na vitatu. Waridi, asumini, mpera mchanga uliojaa vitu vyeupe kama pamba. Nimevipanga vyote kuuzunguka mlimau, nao katikati kama mgeni rasmi. Matawi yakagusana kama watu walioshikana mikono pichani. Upepo ukapita, yote yakainama pamoja. Nilikaribia kulia.

Nikazungumza saa moja na dakika hamsini. Nikaanzia asili ya gamba kwa viumbe kwa jumla: samaki, nyoka, kobe. Fundi cherehani wa mtaa wa pili akauliza miswaki itatumika lini. Nikamwambia mada ina mpangilio wake. Tulipofika kwenye utambuzi muda ukawa umekwisha. Wakapiga makofi, hasa waliokuwa wamelala. Wakaondoka na vyungu vyao na miswaki mikavu.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amefika saa nane. Hakuvua viatu. Nilikuwa na hotuba fupi ya kumlaki, dakika sita, akanipita. Akageuza jani moja, akageuza la pili. Magamba ya kahawia yapo. Ile pamba nyeupe ipo pia sasa.

Akasema mama yake aliulea mti huu miaka ishirini na hakuuhutubia hata siku moja.

Nikaikunja karatasi ya hotuba.

Akamwita jirani. Wakaketi sakafuni, bakuli moja la povu kati yao, wakakata, wakasugua, tawi kwa tawi, wakizungumza habari za mjukuu kwa sauti ya chini hadi jua likapoa. Niliomba mswaki. Wakanipa bakuli nilishike. Kisha wakaubeba mti hadi chumba cha kufulia cha jirani, ukae peke yake penye dirisha. Utapona, wamesema. Utarudi baada ya miezi miwili. Naruhusiwa kwenda kuutazama, kwa sharti nikae kimya.

Jumatatu, 10 Machi

Pale ulipokuwa mlimau pamebaki duara jeupe, safi, kama lililochorwa. Asubuhi hii nimesimama ndani yake nikajaribu salamu za ufunguzi. Sauti inavuma vizuri ajabu. Kumbe mti ulikuwa ukiimeza.

Tangazo la semina ya pili liko tayari. Mada: Kinga. Nafasi sasa ipo ya kutosha. Safari hii nimewaomba washiriki walete pia mimea yao yenye afya, tuiweke pamoja na ile inayoumwa, tupate kulinganisha.