Karatasi Imekwisha, Wallahi!

Jumatatu, Septemba 8, 2025

Leo nimeamua. Karatasi ife!

Sababu ni Mwalimu Gacheri. Ametoka Meru, anafundisha hapa Garissa, na ameanzisha chama cha akina mama wa mtaa wetu wa Iftin wanaopenda kusoma. Wamepewa chumba kizuri, mabati mapya kabisa. Sasa anatafutwa mtu wa kukijaza vitabu na kukisimamia. Nikaruka juu. Mimi Abdikafi, bingwa wa simu Iftin nzima! Nikamwambia nitaleta vishikwambi. Maktaba nzima ndani ya kitu chembamba kama chapati. Nikamuuliza ni nani siku hizi bado anabeba kitabu cha karatasi.

Ni mama mkwe wangu.

Habibo anauza vitabu kando ya barabara ya msikiti tangu sijazaliwa, na chumba hicho anakitaka yeye pia. Mwalimu akasema Jumamosi tuje wote wawili, kila mtu asomee akina mama hadithi kwa njia yake, halafu wachague wenyewe.

Jioni mke wangu Jawahir akaniuliza nimesoma kitabu gani tangu tuoane. Nikamjibu kwamba muuza viatu vya watoto havai viatu vya watoto. Akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Acheke tu. Nimeshaona jina langu juu ya mlango ule.

Jumanne, Septemba 9

Nimekwenda kumpeleleza adui. Adui akanipa kiti, akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia, akauliza hali ya mgongo wangu. Vigumu sana kupigana na mtu wa namna hii.

Nikamwambia kwa heshima zote, hooyo, yaani mama, biashara yako inaelekea kaburini. Nikamtolea kishikwambi. Nikamwonyesha kwamba ukitanua vidole viwili, herufi zinanenepa. Akatanua. Akashangaa. Akatanua tena, akapiga kelele ya furaha kama msichana. Kisha akakinusa, akanirudishia. Akasema hakina harufu ya kitabu.

Nimeingiza ndani yake hadithi ileile anayotaka kusoma yeye Jumamosi. Makusudi! Akina mama walinganishe, waone nani wa leo na nani wa jana.

Jumatano, Septemba 10

Mbinu ya kwanza: uvumi. Asubuhi nimepita sokoni nikinong'ona kwamba vitabu vya karatasi huleta mchwa nyumbani. Nimemnong'onezea muuza kanga, muuza nyama, na fundi cherehani ambaye hajui kunong'ona, kwa hiyo nilitegemea mengi kutoka kwake.

Kufikia alasiri soko zima lilikuwa linazungumzia mchwa. Nikaenda kuangalia meza ya Habibo, nione alivyoachwa peke yake.

Subhanallah! Watu wamejaa! Kumbe mjanja amepanga chupa za dawa ya mchwa kando ya vitabu, na kila anayefuata dawa anafungua kitabu kidogo akisubiri zamu yake, halafu anaondoka nacho. Akaniona, akanishukuru mbele ya watu. Akasema ameambiwa ni mimi niliyewatahadharisha majirani, na Mungu anilipe.

Nimerudi kwenye duka langu la simu. Jawahir akanionyesha mguu wa kaunta yangu. Mchwa. Wa kweli. Ikabidi nirudi kwa Habibo kununua dawa.

Alhamisi, Septemba 11

Leo mazoezi. Nimesimama nje ya duka saa sita mchana, nikashika kishikwambi mbele ya kifua kama imamu, nikaanza kusoma kwa sauti.

Sikuona herufi hata moja. Jua la Garissa lilijaa ndani ya kioo, nikaona uso wangu tu. Nikajisoma mwenyewe kwa muda. Kisha chombo kikaandika kwamba kimepata joto kupita kiasi, kikazima.

Nimeazima nafasi ndani ya friji ya jirani yangu Liban, muuza juisi. Vishikwambi vyote nikavipanga kati ya jagi la ukwaju na jagi la embe. Vikapoa vizuri. Kimoja kimetoka kinanata. Hicho sasa kina harufu, kama harufu ndiyo wanayotaka.

Ijumaa, Septemba 12

Siku ya kumaliza vita. Asubuhi nimechapisha bango kubwa lenye herufi nyekundu: KARATASI IMEKWISHA! Nikalitundika mlangoni. Habibo akapita akielekea msikitini, akalisoma polepole, akaligusa kwa kidole. Akauliza nimelichapisha kwenye kitu gani. Nikajifanya sijasikia.

Baada ya swala, mbinu kubwa. Mbuzi! Mji huu umejaa mbuzi wanaokula makatoni tangu alfajiri. Nikasema, mbuzi watatu wenye hamu wakifikishwa kwenye meza ya vitabu, Jumamosi Habibo atasoma nini? Nikakusanya maganda ya tikiti kwa Liban, nikayadondosha moja moja kuelekea barabara ya msikiti.

Mbuzi wakaja. Wakala ganda hili, wakala lile. Wakafika kwenye meza. Nikachungulia! Habibo akawaambia kitu kwa Kisomali, kwa sauti ya chini tu. Wakageuka kama wanafunzi waliokaripiwa. Halafu wakaniona mimi, na mfuko wa maganda mkononi.

Nikatembea haraka. Wakatembea haraka. Nikakimbia, wakakimbia, na barabara nzima ikasimama kutazama. Nikaingia dukani nikafunga mlango wa wavu. Hawakujali. Walisimama mlangoni wakala bango lote. Walianza na KARATASI, wakaacha IMEKWISHA ikining'inia, kisha wakarudi kuimalizia.

Liban amecheka hadi akakaa chini. Jawahir ameniomba nirudie kueleza, polepole, kwa sababu dada yake yuko kwenye simu.

Jumamosi, Septemba 13

Ya leo ni mengi. Niandike kwa mpangilio.

Chumba kimejaa. Mabati yanachemka. Mwalimu Gacheri mbele, akina mama kwenye mikeka, watoto kila mahali. Nikaanza mimi. Nikagawa vishikwambi. Mtoto mmoja akabonyeza mahali, zikatokea katuni, na watoto wote wa Iftin wakahamia hapo. Tulipowanyang'anya walilia kwa pamoja. Vingine vikapata joto, vikazima kimoja baada ya kingine. Kikabaki kile kinachonata.

Zamu ya Habibo. Akasimama, akafungua kitabu, akapapasa kifuani, akapapasa mkobani. Miwani ameisahau nyumbani!

Alhamdulillahi, nimeshinda! Nilianza hata kuupanga uso wa mshindi.

Ndipo akanigeukia mbele ya wote, akaniomba taratibu: "Mwanangu, nipe hicho chako." Ningemnyima vipi? Nikampa. Akatanua vidole viwili kama nilivyomfundisha, herufi zikanenepa, akaanza kusoma.

Jamani. Sikujua. Miaka yote hii sikujua mama mkwe wangu anasoma hivi! Hadithi ni ya mwanamke anayemshtaki mumewe kwa kadhi kwa sababu ya kukoroma. Habibo akawa mke, akawa mume, akawa kadhi, akakoroma mpaka mabati yakaitikia. Akina mama walikuwa wanajifuta machozi kwa shela. Mimi mwenyewe nilicheka, nikasahau niko upande gani. Kadhi akaamuru mume alale palepale mahakamani, ushahidi upatikane. Mume akajilaza. Akafumba macho. Akavuta pumzi...

Kishikwambi kikazima.

Kelele! "Amelala ama hajalala?" Warsan, mama mmoja mkimya ambaye Mwalimu anasema hajawahi kufungua mdomo kwenye mikutano ya chama, akaruka juu ya watu, akachukua kitabu cha karatasi cha Habibo, akatafuta ukurasa na kuendelea. Alisoma kwa kusitasita, kidole chini ya kila neno, na chumba kizima kikimngoja. Alipofika kwenye koromo la kwanza, walimpigia vigelegele kama bibi harusi. Mwalimu Gacheri alilia waziwazi.

Wakapiga kura. Hawakutaka kuchagua. Wamesema wanataka vyote viwili, na sisi wawili tukisimamie chumba pamoja. Jina langu litakuwa juu ya mlango. Chini ya la Habibo.

Jumapili, Septemba 14

Tumepanga rafu tangu asubuhi, mimi, Habibo na Jawahir. Warsan ameshachukua kitabu cha pili. Habibo ameagiza kishikwambi chake mwenyewe, na hataki kingine ila kile changu kinachonata, chenye harufu. Nimefurahi siku nzima bila sababu ya kibiashara. Hali ngeni.

Jumatatu, Septemba 15

Usingizi umekatika kwa wazo! Nimeelewa kosa lilipokuwa. Karatasi ina kasoro, kishikwambi kina kasoro, na kasoro ni ileile: lazima mtu asome! Jumamosi akina mama walikuwa wanataka nini? Walitaka mwisho. Mwisho tu! Basi mimi nitauza miisho. Mteja anaanza hadithi, ananipigia simu, namwambia inaishaje, anaendelea na kazi zake.

Jawahir ameniambia nilale.

Wivu. Mwalimu Gacheri amefika katikati ya kitabu kinene cha mauaji, anakibeba kila mahali, hataki hata kusalimiwa. Jana alipokuja kutazama rafu alikiacha mezani akaenda kunawa, nami nikasoma ukurasa wa mwisho. Leo asubuhi nitamngoja mlangoni na kumwambia muuaji ni nani kabla hajaketi, bure kabisa, awe mteja wangu wa kwanza.

Atafurahi sana!